Bei ya CBM haitoshi: pa kupunguzia gharama ya mzigo wa duka dogo kutoka China

Muulize mwenye duka la vyombo wa Kariakoo, au wa Makoroboi kule Mwanza, mzigo wake kutoka China unamgharimu kiasi gani. Mara nyingi atakutajia bei ya CBM moja, yaani mita moja ya ujazo. Jibu hilo linaeleza agenti wa usafirishaji anatoza nini, lakini halielezi sufuria moja imefika rafuni kwa shilingi ngapi, na faida hupatikana au kupotea hapo kwenye sufuria. Wafanyabiashara wawili wanaweza kutumia agenti mmoja kwa bei ileile ya CBM, mmoja akabaki na gharama kubwa zaidi kwa kila chombo kwa sababu katoni zake zimejaa hewa, zimepita mikono mingi, au zimelala bandarini zikisubiri karatasi.

Tunazungumzia duka linaloagiza kati ya CBM 2 na 15 kwa mara moja, kutoka Guangzhou au Yiwu, mzigo ukishukia Dar es Salaam. Bei za dola zilizomo humu ni za kuonyesha hesabu tu, kwa sababu nauli za meli hupanda na kushuka kila mwezi. Weka za agenti wako, mantiki haitabadilika.

Meli inauza nafasi

CBM huhesabiwa hivi. Unazidisha urefu, upana na kimo cha katoni kwa sentimita, kisha unagawa kwa 1,000,000. Katoni ya 60 kwa 50 kwa 45 ni CBM 0.135, na katoni 20 za namna hiyo ni CBM 2.7. CBM ikiwa dola 400, unalipa dola 1,080. Kila katoni ikiwa na vyombo 24, kila chombo kimebeba nauli ya dola 2.25, na kwa bidhaa nyingi za bei ya chini hiyo ni sawa na bei ya kiwandani au hata zaidi.

Sasa mwombe muuzaji aondoe viboksi vya ndani, kimo cha katoni kishuke kutoka sentimita 45 hadi 38. Katoni inakuwa CBM 0.114, mzigo mzima CBM 2.28, nauli dola 912. Umeokoa dola 168 bila kubishana na agenti hata kwa senti moja. Ili upate punguzo hilo kwa kubishania bei, ungelazimika kumshusha kutoka dola 400 hadi karibu 338, na hakuna agenti atakayekubali kwa mteja wa CBM mbili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iko kwa muuzaji, kabla hujalipa arbuni. Mwulize mambo matatu: vipimo vya katoni, idadi ya vipande ndani yake, na uzito wake ikiwa imefungwa. Kisha omba picha ya katoni halisi ikiwa na futikamba juu yake. Vipimo vilivyoandikwa kwenye ukurasa wa bidhaa mara nyingi ni vya ufungashaji wa kawaida wa kiwanda, na si lazima viwe vya katoni utakayotumiwa.

Futikamba ina umuhimu kwa sababu nyingine pia. Ghala la agenti hupima sehemu iliyotokeza zaidi. Katoni iliyojazwa kupita kiasi ikavimba, kutoka 60 kwa 50 kwa 45 hadi 62 kwa 52 kwa 48, inahesabiwa CBM 0.155 badala ya 0.135. Sentimita mbili huku na tatu kule zimeongeza karibu asilimia 15 ya nauli, wakati ndani hakuna kipande hata kimoja kilichoongezeka. Dawa yake ni katoni ngumu ya tabaka tano, iliyofungwa kwa mikanda ya plastiki pande mbili, na isijazwe hadi kifuniko kinyanyuke.

Robota na viroba vina mtego wao. Robota la mviringo linapimwa kana kwamba ni la mraba, na kwa hesabu ya jiometria karibu asilimia 21 ya nafasi unayolipia ni pembe tupu. Nguo, mapazia na mashuka ni bora yagandamizwe kwa mashine yafungwe kwa umbo la tofali. Nguo hazivunjiki, na mikunjo huondoka kwa pasi.

Ndoo, mabeseni na sufuria ziagizwe kwa seti za ukubwa unaoingiana, na useme wazi kwamba unataka zipakiwe zikiwa zimeingizwa moja ndani ya nyingine. Viwanda vingine hupakia kila saizi peke yake kwa sababu ndivyo mstari wao wa kazi ulivyo, na wewe ndiye unayelipia matumbo matupu ya sufuria hizo. Unaweza pia kujaza matumbo hayo kwa taulo, soksi au vitambaa vya jikoni. Ila chochote unachochomeka kiandikwe kwenye orodha ya mzigo ya katoni hiyo. Mkaguzi wa forodha akifungua katoni ya sufuria akakuta soksi zisizotajwa, hatadhani ni ubunifu wa kupakia.

Viatu ndivyo vinavyopoteza nafasi kuliko karibu kila kitu dukani, kwa sababu boksi la kiatu ni kubwa kuliko kiatu. Ondoa maboksi, kila jozi iingie kwenye mfuko, na ndani ya kiatu kiwekwe karatasi ili umbo lisibonyee. Kama wateja wako hawanunui kiatu kisicho na boksi, agiza maboksi yaje yamekunjwa bapa katika katoni moja, vijana wayakunjue dukani. Meza, rafu na viti vije kwa vipande vya kuunganisha.

Kubana kuna kikomo, na kikomo hicho kinahesabika. Chukua seti ya vikombe vya glasi inayonunuliwa dola 1.80 na kubeba nauli ya dola 1.10. Ukiondoa kinga za ndani, nauli inashuka hadi 0.94, umeokoa senti 16 kwa seti. Lakini kila seti inayovunjika inakupotezea dola 2.74, yaani bei pamoja na nauli yake. Zikivunjika 6 katika 100, akiba yote imekwisha na umeanza kula hasara. Kwa glasi na kauri, acha kinga zao. Tafuta nafasi kwenye katoni nyingine.

Uzito nao unahesabiwa. Kanuni ya kawaida ya meli ni kwamba tani 1 inalingana na CBM 1, na unatozwa kwa kilicho kikubwa kati ya viwili hivyo. Mzigo wa vyombo au nguo haufiki huko. Vigae, kufuli, misumari na vipuri hufika haraka sana, na baadhi ya maagenti wa kontena za kuchangia huweka kikomo kilicho chini ya tani hiyo. Kabla ya kuagiza vifaa vya ujenzi, uliza CBM moja yao inaruhusu kilo ngapi.

Na kama unanunua kwa wauzaji sita tofauti, usikubali kila mmoja alete katoni yake iliyojaa nusu. Wote wapeleke kwenye ghala moja la agenti, kisha uombe kufungashiwa upya. Ghala hutoza kwa kila katoni wanayoifungua na kuifunga, kwa hiyo linganisha tozo hiyo na CBM utakazopunguza. Kila katoni iwe na alama yako ya mzigo pande mbili: jina fupi, namba ya simu, na namba ya katoni kati ya jumla, kwa mfano 7/20. Katoni isiyo na alama hukaa ghalani hadi mwenyewe ajulikane, na huenda ikasafiri kwenye kontena la mwezi unaofuata.

Ndege: kilo unayolipia si kilo uliyopima

Wengi wanajua mzigo wa ndege unatozwa kwa kilo. Wachache wanajua kwamba kuna kilo mbili. Shirika la ndege linazidisha vipimo vya katoni kwa sentimita na kugawa kwa 6,000, na jibu linaitwa uzito wa ujazo. Kampuni za vifurushi vya haraka kama DHL hugawa kwa 5,000, jambo linaloongeza kilo. Unalipia uzito ulio mkubwa kati ya huo na ule wa mizani.

Katoni ya mikoba ya 60 kwa 45 kwa 45 ina uzito wa kilo 9 kwenye mizani. Kwa kugawa kwa 6,000 inakuwa kilo 20.25, na kwa 5,000 kilo 24.3. Umelipia zaidi ya mara mbili ya ulichobeba. Kwa upande mwingine, katoni ya kava za simu ya 40 kwa 30 kwa 30 ina kilo 14 za mizani na kilo 6 tu za ujazo, hivyo unalipia 14.

Sasa angalia hapa. Katoni hizo mbili zikihesabiwa kila moja peke yake, unalipia 20.25 na 14, jumla 34.25. Zikiwa kwenye hati moja ya ndege na kuhesabiwa kwa pamoja, mizani inasema 23 na ujazo unasema 26.25, kwa hiyo unalipia 26.25. Kilo 8 zimetoweka. Kwa dola 11 kwa kilo, hizo ni dola 88 kwa katoni mbili tu. Mwombe agenti ahesabu mzigo kwa ujumla wake, na uchanganye vitu vizito vidogo na vyepesi vikubwa. Si kila agenti anakubali. Anayekataa huenda mwenyewe anafanya uchanganyaji huo huko nyuma, na tofauti inabaki mfukoni mwake.

Ndege inafaa kwa vitu ambavyo thamani yake kwa kilo ni kubwa: vifaa vya simu, mawigi, vito vya urembo, vipuri vidogo. Inafaa pia kujaribu bidhaa mpya kwa vipande 30 kabla ya kuagiza 600 kwa meli. Kinachoumiza ni kutumia ndege kwa bidhaa iliyokwisha rafuni kwa sababu oda ilichelewa. Hiyo ni gharama ya kalenda, na tutaifikia.

Bei ya kila kitu, na bei iliyonyofolewa

Agenti mmoja anasema dola 400 kwa CBM, mwingine 130. Kabla ya kumkimbilia wa pili, jua kwamba huenda hawauzi kitu kimoja. Bei ya kwanza kwa kawaida ni ya kila kitu: bahari, bandari, ushuru, VAT na kutoa mzigo, unachukua katoni ghalani Dar. Ya pili ni nauli ya baharini pekee. Juu yake kuna kufungua kontena na kugawa mzigo, hati ya kutolea mzigo, tozo za bandari, wakala wa forodha, kodi, na usafiri wa kutoka bandari kavu.

Bei ya kila kitu ni nyepesi kwa akili na kwa mtu anayeanza. Ina mambo mawili ambayo hayaonekani siku ya kulipa. Kwanza, mzigo haukuondoshwa kwa jina lako. Huna hati ya forodha yenye TIN yako, kwa hiyo ukiwa umesajiliwa VAT huwezi kudai VAT iliyolipwa bandarini, na TRA wakikagua hesabu zako, ushahidi wa gharama ya bidhaa ni dhaifu. Kwa Tanzania usajili wa VAT ni lazima mauzo yanapofikia shilingi milioni 200 kwa mwaka, hivyo duka linalokua hufika hapo. Pili, uko kontena moja na watu usiowajua. Mmoja wao akipakia bidhaa bandia au zilizokatazwa, kontena zima linasimama, na dazeni zako tano za chupa za chai zinasubiri kesi isiyokuhusu. Mwulize agenti anakagua vipi mizigo ya wengine. Agenti anayepokea chochote bila maswali ni wa bei nafuu mpaka siku hiyo.

Ukiomba bei, taka iandikwe: imejumuisha nini, haikujumuisha nini, kiwango cha chini cha kutozwa ni CBM ngapi, na ni tozo zipi zinazolipwa Dar. Kiwango cha chini kina uzito kwa mdogo. Mahali ambapo kiwango ni CBM 1, mzigo wa CBM 0.4 unalipia CBM 0.6 ambazo hazipo.

Kontena zima linafaa lini? Jumlisha gharama zote za kontena la futi 20 bila kodi, kisha gawa kwa gharama zote za CBM moja ya kuchangia bila kodi. Kontena likiwa dola 4,200 na CBM 280, jibu ni 15. Ukiwa na zaidi ya CBM 15, kodi kontena zima hata kama halitajaa. Ujazo wa ndani wa futi 20 ni karibu CBM 33, lakini katoni hazikai kama maji. Panga kwa 26 hadi 28. Ukiwa chini ya CBM 15, wenye maduka wawili au watatu wanaoaminiana wanaweza kuchukua kontena pamoja, mmoja akawa mwagizaji kwenye karatasi. Makubaliano yaandikwe mapema, hasa nani analipa ikiwa mzigo wa mmoja ndio uliosababisha ukaguzi.

FOB, EXW na CIF: nani anashika usukani

Vifupisho hivi vitatu kwenye ankara vinaamua gharama inaanza kuhesabika kwako wapi. EXW inaonekana rahisi kuliko zote, lakini unaushika usukani mlangoni mwa kiwanda: lori la ndani ya China, taratibu za forodha ya kutoa mzigo nje, upakiaji. Kama kiwanda kiko mbali na Guangzhou, lori hilo peke yake linaweza kumeza punguzo lote. Kwa mzigo wa kuchangia, omba bei inayofika hadi ghala la agenti wako. Kwa kontena zima, omba FOB na bandari itajwe, iwe Nansha au Ningbo. Muuzaji anagharimia hadi mzigo unapakiwa melini.

CIF, yaani bei yenye bidhaa, bima na nauli ndani yake, ndiyo inayowanasa wengi. Muuzaji anakupa nauli ya baharini ya chini ajabu, wakati mwingine karibu na bure. Kilichotokea ni kwamba yeye ndiye aliyechagua msafirishaji, na msafirishaji huyo anarudisha fedha yake kwa mwakilishi wa Dar, kupitia tozo za kufungua kontena, hati na utunzaji. Mzigo ukishafika huna la kufanya, kwa sababu hati ya kutolea mzigo iko mkononi mwa mwakilishi huyo. Ukilazimika kununua kwa CIF, dai orodha ya tozo za upande wa Dar kwa maandishi kabla ya kulipa.

Nauli nayo inatozwa kodi

Forodha ya Afrika Mashariki inathamini mzigo wa baharini kwa bei ya bidhaa, bima na nauli kwa pamoja. Kwa hiyo nauli kubwa inazaa kodi kubwa. Bidhaa yenye ushuru wa asilimia 25, kiwango cha kawaida cha bidhaa iliyokamilika, kila dola 100 ya nauli inaongezewa dola 25 za ushuru, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya 125, yaani dola 22.50. Dola 100 imekuwa 147.50, bila kuhesabu tozo ndogo. Kenya hesabu ni ileile kwa VAT ya asilimia 16. Kila senti unayoiokoa kwenye ujazo huja na nusu yake nyingine nyuma, ikiwa unaondosha mzigo kwa jina lako.

Kuna jambo wachache wanalitumia. Jedwali la Nne la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 linasema nauli ya ndege haijumlishwi kwenye thamani ya forodha. Ukilinganisha ndege na meli kwa vitu vidogo vya thamani, weka hilo kwenye hesabu, na uhakikishe wakala wako hakuliruka.

Usijaribu kuokoa kwa kushusha ankara. Forodha wana bei za kulinganishia, na thamani ikipandishwa unalipa tofauti na faini huku siku za bandarini zikihesabika.

Siku za bandarini

Hapa fedha hutoka bila kitu chochote kusogea. Saa mbili zinatembea kwa pamoja: ya bandari au bandari kavu, inayotoza uhifadhi siku za bure zikiisha, na ya kampuni ya meli, inayotoza kontena lake kukaa mikononi mwako. Zote hupanda kadiri siku zinavyosonga. Kontena zima huhitaji pia dhamana kwa kampuni ya meli, na dhamana hiyo hukatwa kontena likirudi limechelewa au limeharibika.

Chanzo cha kuchelewa mara nyingi si forodha. Ni karatasi. Hati ya shehena (bill of lading) halisi iko bado China kwa sababu malipo ya mwisho hayajakamilika, au jina la mwagizaji limekosewa, au orodha ya mzigo inasema katoni 118 na ankara inasema 120. Maliza malipo meli ikiwa bado baharini, na uombe hati ya shehena iachiliwe kwa njia ya kielektroniki badala ya kutumwa kwa posta. Nakala za ankara, orodha ya mzigo na hati ya shehena ziwe kwa wakala wiki mbili kabla ya meli kufika, ili tamko la forodha liingizwe mapema.

Bidhaa zilizo chini ya viwango vya lazima zinahitaji cheti cha ubora kinachotolewa kabla ya kupakia, kwa utaratibu wa mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya. Vifaa vya umeme na vya kuchezea watoto ni mifano ya karibu. Ukisafirisha bila cheti, ukaguzi unahamia bandarini pamoja na faini yake, na siku za uhifadhi zinakwenda wakati sampuli iko maabara.

Bima nayo: kwa mizigo inayoingia Tanzania, sheria inataka inunuliwe kwa kampuni iliyosajiliwa nchini. Wengi wanaiona ni karatasi tu. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama kwenye Mfereji wa Suez, na mmiliki wake akatangaza kwamba gharama za kuiokoa zigawanywe kwa wenye mizigo wote waliokuwemo, kama sheria za bahari zinavyoruhusu. Mwenye bima huachia kampuni yake itoe dhamana. Asiye na bima hulipa amana kwanza, ndipo apewe mzigo wake, hata kama haukupata mkwaruzo.

Kutoka Dar hadi mkoani

Kwa duka la Mwanza, Mbeya au Songea, kipande hiki hupuuzwa kwa sababu hulipwa kidogo kidogo taslimu. Hesabu mikono: makuli wa ghala la agenti, kirikuu hadi ofisi ya wasafirishaji, makuli wa kupakia kwenye lori, makuli wa kushusha Mwanza, kirikuu tena hadi dukani. Malipo matano, na katoni imerushwa mara tano. Panga lori lichukue mzigo moja kwa moja kwenye ghala la agenti, hata ikibidi kusubiri siku mbili, na mikono miwili inaondoka.

Wasafirishaji wengi wa mikoani hutaja bei kwa kutazama katoni kwa macho. Anayekuja na orodha ya vipimo na uzito hupata bei bora kuliko anayesema nina katoni thelathini hivi. Bei pia hufuata mwelekeo wa malori. Msimu wa mavuno malori mengi hushuka Dar na mahindi, mchele na viazi, na yanatafuta mzigo wa kurudi nao. Lori lililobeba kwenda na kurudi linaweza kushusha bei, na lile litakalorudi tupu linakutoza safari zote mbili. Uliza lilikuja na nini.

Basi liachiwe vitu vidogo vya haraka. Ukipeleka mabeseni kwa basi unalipia mwendo ambao mabeseni hayauhitaji.

Kalenda

Kiwanda kinahitaji wiki 2 hadi 4, usafiri hadi ghala la agenti wiki 1, kusubiri kontena lijae wiki 1 hadi 2, bahari wiki 4 hadi 6, kuondosha wiki 1 hadi 2. Jumla ni wiki 9 hadi 15. Bidhaa unayotaka iwe rafuni tarehe 1 Desemba iagizwe katikati ya Agosti, si Oktoba. Epuka pia kuangukia sikukuu za China. Viwanda hufungwa Mwaka Mpya wao, ambao huja kati ya Januari na Februari, na wiki ya kwanza ya Oktoba. Kabla ya kufungwa kila mtu anakimbiza mzigo wake, nauli inapanda na makontena yanaachwa gatini.

Kwa bidhaa inayotoka kila wiki, weka kiwango cha kuagizia. Ukiuza vipande 30 kwa wiki na mzigo unachukua wiki 12, unahitaji 360 za kukufikisha, na akiba ya wiki 3, yaani 90. Zikibaki 450, agiza. Ni hesabu ya dakika moja, na ndiyo inayozuia ile katoni ya dharura ya ndege iliyotajwa juu. Inakuwezesha pia kuunganisha oda tatu ndogo kuwa moja, ukalipa hati, wakala na kiwango cha chini mara moja badala ya mara tatu.

Mwisho weka jedwali la kila bidhaa kwenye daftari au simu: bei ya kiwandani, nauli kwa kipande, kodi, bandari, Dar hadi dukani, na zilizovunjika zikigawanywa kwa zilizopona. Gawa nauli kwa CBM ya kila bidhaa, usiigawe kwa thamani yake, la sivyo mikoba midogo itaonekana inailipia ndoo. Jedwali hilo likijazwa, bidhaa moja au mbili huonekana kuwa zimebeba nauli kubwa kuliko bei yao ya kununulia. Mabeseni, madumu na viti vya plastiki huwa hapo karibu kila mara. Hizo zitengwe kwenye oda ya China, na bei iulizwe kwenye viwanda vya plastiki vya Dar es Salaam, ambako lori linakwenda kuzichukua asubuhi na hakuna wa kupima CBM.